Kumwaga gongo hakumtibu mnywaji: tunayoyaona makambini Kigoma

Mwanzisha uzi (Kasulu)

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wa tisa nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kambi mojawapo ya wakimbizi mkoani kwetu Kigoma. Kazi niliyopewa ni kupita nyumba kwa nyumba nikiulizia wajawazito, watoto waliokonda na wagonjwa walioacha dawa. Suala la pombe halikuandikwa popote katika majukumu yangu. Lakini haipiti wiki bila kuingia katika nyumba ambamo mtoto hajala kwa kuwa unga umeuzwa, au mama ana jicho lililovimba, au baba amelala nje ya mlango saa nne ya asubuhi, na nikidadisi kidogo tu naikuta gongo. Naandika kwa sababu njia tunayoitumia kupambana nayo, ya kuvamia, kumwaga na kukamata, nimeiona ikishindwa mwaka baada ya mwaka, na safari moja nusura imuue mtu mbele ya macho yangu.

Mtu huyo nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo sote tunavyomwita. Alikuwa mvuvi upande wa Fizi, Kongo. Vita vilipoingia kwao mwaka 1996, wakati nchi ile ikiitwa Zaire, alivuka Ziwa Tanganyika na mkewe pamoja na mtoto mmoja mgongoni, akaletwa huku nchi kavu ambako ziwa halionekani hata ukipanda juu ya kichuguu. Vidole vyake havijasahau. Ukikaa naye atachomoa uzi kwenye gunia la mgao na kuufunga fundo za wavu huku akizungumza, fundo baada ya fundo, kila jicho la wavu likitoka na upana uleule, kisha anaufumua wote na kuanza upya. Mkewe alifariki. Watoto wawili walipata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, yaani kuhamia nchi nyingine mbali na Kongo na Tanzania, yeye jina lake likabaki. Tangu hapo alikuwa akinywa kila siku, kikombe cha kwanza kikiwa kabla jua halijachomoza, na aliniambia mwenyewe kwamba kile cha asubuhi hakikuwa cha starehe: alikinywa ili mikono iache kutetemeka apate kushika kijiko.

Asubuhi moja ya kiangazi sungusungu, walinzi wa jamii, waliizingira nyumba anayonywea. Pipa lilipinduliwa, bomba likakunjwa kwa mawe, madumu mawili yakamwagwa uani hadi udongo ule mwekundu ukatoa harufu iliyowafanya kuku wakimbie. Mama mwenye nyumba alitoroka. Mzee hakuweza kukimbia, akachukuliwa akafungiwa katika chumba cha walinzi. Siku ya kwanza alikaa kimya. Usiku alianza kutoka jasho na kutetemeka, wakadhani ni homa, wakampa vidonge vya maumivu. Siku ya tatu alfajiri akawa anaokota vitu visivyokuwepo juu ya blanketi, akilia kwamba siafu wamemvamia, akimwita mkewe alete maji ya moto. Mlinzi mmoja akasema malaria imempanda kichwani, mwingine akasema ni mapepo. Nilipoitwa alikuwa ameshaanguka degedege mara moja, ulimi umetoka damu, na mapigo ya moyo yakienda mbio kiasi kwamba sikuweza kuyahesabu kwa kidole. Tulimbeba kwa turubai mpaka zahanati. Alipona, lakini alipona kwa sababu tabibu aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa amewahi kuona hali hiyo.

Walinzi wale hawakuwa watu wakatili. Waliniuliza kwa mshangao wa kweli: inawezekanaje mtu augue kwa kukosa pombe? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wote, mimi nikiwemo, tulikuwa tunalishughulikia jambo la ugonjwa kana kwamba ni utovu wa nidhamu peke yake.

Naomba nieleze na upande wa mpikaji, maana huko ndiko wengi wanakolaumu bila kuingia ndani. Kutengeneza gongo bila leseni ni kosa la jinai, na sina nia ya kulitetea. Lakini angalieni hesabu ya mama wa kambini. Kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Shamba hana. Kibarua rasmi hana, isipokuwa wachache wanaolipwa posho na mashirika. Mgao wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliushusha hadi nusu ya kiwango kwa uhaba wa fedha. Mama huyu akipika ugali, unga wake unaisha katikati ya mwezi na hana hela ya sabuni. Akiuchachusha pamoja na kimea na sukari kidogo, akauchemsha na kuukamua mvuke, anapata fedha ya sabuni, ya daftari na ya kununua unga mwingine wa wiki moja. Kwa hiyo pipa likipinduliwa leo, keshokutwa anakopa pipa lingine, tena anapika haraka zaidi ili alipe deni, na safari hii anapika mbali, korongoni, ambako ni lazima apeleke binti yake kubeba kuni. Yanayowapata mabinti wanaotafuta kuni peke yao porini tunayajua sote.

Jambo lingine ambalo haliniishi moyoni ni watoto. Anayetumwa kununua ni mtoto, akiwa na chupa ya maji iliyokwishatumika. Niliwahi kumwona mmoja, hata miaka minane hajatimiza, akiwa amejaziwa chupa hadi mdomoni. Akainama, akainyonya kidogo ili isimwagike njiani, akafunga kifuniko, akaenda zake bila kukunja uso. Hakukunja uso kabisa. Nilibaki nimesimama.

Ningependa tujadiliane: kwa wale mliofanya kazi, mlioishi au mnaoishi makambini na katika makazi ya wakimbizi, ni lipi mmeona likisaidia? Kwa heshima naomba tusiwatukane wakimbizi humu. Ulevi uko Kigoma mjini, uko Kasulu, uko kwenye familia zetu wenyewe. Baba yangu mzazi alikufa nao.

Mwenyeji wa Makere

Ndugu mwanzisha uzi, pole kwa kazi. Ninaishi kijiji kinachopakana na kambi na nimekusoma mpaka mwisho, ila kuna mahali natofautiana nawe. Sisi wenyeji tunaiona hasara. Miti iliyokuwa nyuma ya shamba la baba imekwisha, na sehemu kubwa ya kuni hizo zimeishia chini ya mapipa. Kuipika gongo hadi itoke kunahitaji moto wa muda mrefu kuliko maharage ya sherehe. Vijana wetu nao hupenya kwenda kunywa huko kwa kuwa bei ni ya chini, wanarudi usiku na mapanga. Sasa ukiniambia sungusungu wasimwage, nani atazuia?

Nakiri pia, kwa kuwa umetutaka tuseme kweli, kwamba gongo haikuletwa na wakimbizi. Babu zetu Waha walikuwa na pombe yao ya ndizi na ya ulezi, na gongo nayo hupikwa huku vijijini toka mimi mtoto. Wakati mwingine wanaowauzia mapipa na sukari ni wafanyabiashara wa kwetu. Kwa hiyo, wakati tunapowanyooshea kidole, tukumbuke nani anapata faida ya jumla.

Muuguzi (Kibondo)

Ninashukuru kwa uzi huu. Naomba niongeze la kitabibu, kwa sababu kisa cha Mzee si cha ajabu hata kidogo, nacho kina ratiba yake inayoweza kutabirika.

Mwili uliozoea kupata pombe nyingi kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ukiwa nayo. Ikiondolewa ghafla, kati ya saa 6 na 24 baada ya tone la mwisho mtu hutetemeka, hutoka jasho, hutapika, moyo humwenda mbio na usingizi humkimbia. Degedege, kama itatokea, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Hali mbaya kuliko zote, ile ya kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, homa na shinikizo la damu kupanda, huja takriban siku ya pili hadi ya nne, na bila matibabu inaweza kuua. Ndiyo maana wengi hufikia hali hiyo wakiwa mahabusu, wodini walikolazwa kwa ugonjwa mwingine kama kuvunjika mguu, au kwenye maombi ya kufunga. Anayeona wadudu siku ya tatu baada ya kufungiwa, ulizeni kwanza alikuwa akinywa kiasi gani kabla hamjasema mapepo. Pimeni malaria pia, kwa kuwa huku kwetu mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Matibabu yake si ya gharama kubwa. Dawa kuu ni diazepamu, inayotolewa kwa vipimo vya kushuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, yaani tiamini. Tiamini hii watu huisahau. Mnywaji wa muda mrefu asiyekula vizuri huwa ameishiwa nayo, na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa tiamini, ubongo wake unaweza kudhurika vibaya: anayumba, macho yanachezacheza, kumbukumbu inapotea, na wengine hawarudi tena walivyokuwa. Dripu ya sukari ndiyo kitu cha kwanza ambacho ndugu wa mgonjwa huomba.

Kwa watakaouliza kuhusu methadoni, kwa sababu huulizwa kila mara: ile inayotolewa tangu Muhimbili walipoanza mwaka 2011, na sasa katika mikoa mingine, ni kwa waliozoea heroini na dawa za jamii hiyo. Haimtibu mnywa gongo. Kwa bangi vilevile haitumiki. Vijana wengi tunaowapata makambini na bangi huhitaji mtu wa kuzungumza nao kwa muda, kazi ya mikono na usingizi, ingawa wapo wachache ambao bangi huwaamshia ugonjwa wa akili na hao wahitaji daktari bila kuchelewa.

Jambo la mwisho ni kuhusu macho. Gongo iliyochanganywa na spiriti ya viwandani inaweza kuwa na methanoli. Mnywaji huamka kesho yake akiwa na maumivu ya tumbo, anahema haraka, na kuona kama yuko ndani ya ukungu. Akilala asubiri ipite, anaweza kupofuka au kufa. Apelekwe hospitali palepale, na wote waliokunywa kwenye dumu lile wafuatwe hata kama hawana dalili.

Mzaliwa wa Ulyankulu (Tabora)

Nimezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, kwa wazazi waliotoroka mauaji ya Burundi mwaka 1972. Naleta hadithi ya upande wetu kwa kuwa naona inagusa moja kwa moja hoja ya riziki.

Sisi hatukuwekwa kambini kama ndugu zetu waliokuja mwaka 2015 wakapokelewa Kagunga na kuletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba. Wazazi wetu walipewa ardhi katika pori la miombo, wakalima mahindi, mihogo, baadaye tumbaku, na mwaka 2014 serikali ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa zamani wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Je, ulevi haukuwepo? Ulikuwepo. Tabora ni nchi ya asali, na wanzuki, pombe ya asali, imeangusha wanaume wengi wenye nguvu. Lakini ulikuwa na msimu. Wakati wa kupanda na kupalilia, baba alikuwa hana nafasi ya kulewa, kwa kuwa tumbaku haisubiri. Hatari ilikuja wakati wa mauzo, fedha zikiwa mfukoni; hapo ndipo mama zetu walipokuwa wakienda sokoni pamoja na baba, bega kwa bega, ili fedha ya ada ipite mikononi mwao kwanza. Kule makambini niliyatembelea kwa ajili ya msiba wa shangazi, na kilichonitisha ni kwamba hakuna msimu. Jumatatu ni kama Alhamisi. Mtu anaamka hana mahali anapotakiwa kuwepo.

Shangazi yangu huyo alikuwa akisema jambo ambalo sijalisahau. Kwetu Burundi impeke, pombe ya mtama, huwekwa katika chungu kimoja, watu wakainywa kwa mirija, na urwarwa wa ndizi hupelekwa ukweni au kwa wazee wanaopatanisha ugomvi. Pombe ilikuwa na wenyewe: nani aanze, nani anyamazishwe, nani aambiwe sasa imetosha, nenda nyumbani. Vita viliwatawanya wazee hao, na gongo ya kambini hainyweki kwa mirija ya pamoja. Kila mmoja ananunua kikombe chake na kukimaliza akiwa ameegemea ukuta. Alisema, “Tulipoteza wazee, chungu kikabaki bila kifuniko.”

Mama niliyehamishiwa Nduta

Nimeingia humu kwa simu ya mwanangu. Nilipika gongo miaka minne nikiwa Mtendeli, kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2021 na sisi kuhamishiwa Nduta. Namshukuru mwanzisha uzi kwa kuwa hajaniita shetani.

Nataka mjue kwamba mpikaji naye haipendi. Moshi unaharibu macho na kifua. Wateja wanakutukana katika nyumba yako mwenyewe mbele ya binti zako. Mume wangu alianza kwa kuonja ili ajue kama imekolea, akaishia kuwa mteja asiyelipa, na akinipiga nilikuwa sina mahali pa kulalamika maana wangeuliza pombe ameitoa wapi. Nilianza baada ya soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji kufungwa. Kabla ya hapo niliuza mboga na mawese, nikapata faida ndogo lakini nikalala usingizi.

Kilichoniwezesha kuacha ni cherehani. Kikundi cha akina mama kumi na wawili tulianza kuchanga kidogo kidogo, kila wiki anapewa mmoja, na zamu yangu ilipofika nilinunua cherehani chakavu ya kukanyaga kwa mguu. Nashona sare za shule na kuziba nguo. Fedha yake ni ndogo kuliko ya gongo, nasema ukweli. Ila haivamiwi usiku. Mimi nawaomba wakubwa wanaosoma: mkija kumwaga, njooni siku hiyohiyo na swali la pili, “Mama, ukiacha hii utakula nini?” Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwanzisha uzi (Kasulu)

Mama yangu, asante. Nimeyasoma maneno yako mara tatu, na nitayapeleka neno kwa neno katika kikao chetu cha mwezi.

Ndugu yangu wa Makere, hoja yako ya kuni na ya usalama ni ya haki, wala sisemi sheria ikae pembeni. Anayechanganya spiriti za viwandani ili auze zaidi anastahili kukamatwa, na anayewauzia wapikaji sukari kwa magunia afuatwe kabla ya mama mwenye dumu moja. Ninachoomba ni mambo mawili katika kila operesheni: mnywaji wa kila siku asifungiwe bila kuonwa na mhudumu wa afya ndani ya siku ya kwanza, na jina la mpikaji lipelekwe kwa wanaoshughulikia miradi ya riziki siku ileile linapopelekwa kwa walinzi. La kwanza tumelianza sisi wenyewe. Walinzi wa zamu sasa wana namba yangu ya simu na ya wenzangu wawili, na swali wanalouliza ni moja: “Ukiamka asubuhi, mikono inatetemeka mpaka unywe?” Akijibu ndiyo, tunaitwa.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakijatajwa, nacho ni hofu ya fomu. Kwa miaka mingi tumaini kubwa la Wakongomani wa kambi ya Nyarugusu lilikuwa kuhamishiwa nchi ya tatu, hasa Marekani, na uchunguzi wa afya wa safari hiyo huuliza habari za pombe na dawa za kulevya. Anayekutwa na utegemezi wa dawa hizo, au na ulevi ulioambatana na vitendo vya kudhuru, huzuiwa kusafiri mpaka ithibitike kwamba ameacha kwa miezi 12. Kanuni hiyo ina sababu zake, lakini huku chini ilizaa usemi kwamba ukimwambia mtu wa afya unakunywa umejikata miguu. Nikitoa maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji, yale yenye jumla ya alama 40 ambayo kuanzia 8 ni dalili ya hatari, watu waliojaa harufu ya gongo walinipatia sifuri kwa utulivu kabisa. Tangu Marekani isimamishe mpango huo Januari 2025, wengi wamekata tamaa na wanakunywa zaidi, na mazoea ya kuficha yamebaki palepale. Nimejifunza kuweka karatasi mfukoni, kukaa chini, kuuliza kwanza habari za usingizi. Mtu asiyelala huwa tayari kuzungumza. Kutoka usingizini tunafika kwenye ndoto, kutoka kwenye ndoto tunafika vitani, na pombe inajitaja yenyewe.

Mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha habari za Mzee. Alikaa wodini siku sita. Akarudia kunywa baada ya miezi miwili, akaja mwenyewe kuniambia kabla sijasikia kwa watu, tukaanza tena, safari hii akipunguza taratibu chini ya uangalizi wa zahanati. Sasa Jumanne na Ijumaa anawafundisha vijana kusuka nyavu kwa uzi wa magunia, na wenyeji wenye mabwawa ya samaki wameshanunua mbili. Bado kuna siku mikono inamsumbua.

Kijana wa Ujiji

Samahani kwa kuingilia, wakubwa zangu. Nimekutana na uzi huu nikitafuta msaada. Kaka yangu amekuwa akinywa gongo kila siku kwa zaidi ya miaka kumi. Juzi usiku aliamua kuacha, akaanza maombi ya kufunga, hali wala hanywi hata maji tangu jana alfajiri. Leo jioni anatetemeka mwili mzima, shuka limelowa jasho, na sasa hivi ameniuliza kwa nini nimewaingiza watoto wale chumbani. Hakuna mtoto yeyote humu. Wanamaombi wanasema tusimguse, pepo wa pombe anatoka. Nifanye nini?

Muuguzi (Kibondo)

Mdogo wangu, mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Ukiwa Ujiji, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni si mbali. Tafuta bajaji au gari, usimpakie kwenye pikipiki, kwa sababu akipatwa na degedege ataanguka. Mtu mmoja akae naye nyuma. Akianguka degedege, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimfunge kamba. Akiweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Ukifika, sema maneno haya mwanzoni kabisa: “Amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka kumi, ameacha ghafla tangu juzi usiku, anaona vitu visivyokuwepo.” Waombe wampe tiamini kabla ya dripu ya glukosi. Wanamaombi waje nao, waombee wakiwa nje ya wodi, hakuna ubaya.

Mwanzisha uzi (Kasulu)

Kijana wangu, niko macho. Ukikwama usafiri andika hapa, nina jamaa Mwanga mwenye gari.

Kijana wa Ujiji

Tumefika saa tano na nusu usiku. Nilisema kama mlivyonielekeza, wakampokea palepale. Alianguka degedege mara moja tukiwa getini, mchungaji ndiye aliyemshika kichwa na kumlaza ubavu. Wamempa sindano, wametundika dripu baada ya ile vitamini. Sasa hivi ni saa nane, amelala, mikono bado inacheza kidogo. Nimekaa kwenye benchi la nje. Daktari amesema atalazwa siku kadhaa na nimletee uji asubuhi.